Kiti cha Dirishani

Mwanangu wa kwanza alizaliwa msimu wa jua kali, tukiwa tumepanga chumba kimoja Shinyanga mjini, dirisha lake likitazama magharibi. Mume wangu alikuwa machimboni Nyarugusu, anakuja akipata. Kuanzia saa nane mchana jua lilikuwa linaingia chumbani bila hodi. Mtoto akajaa vipele vya joto shingoni na mapajani, akawa hanyonyi vizuri, analia mpaka sauti inakauka. Nikanunua feni ndogo ya mezani.

Mama mwenye nyumba aliishi upande wa mbele. Luku, mita ya umeme, ilikuwa moja kwa nyumba nzima, nayo iko sebuleni kwake, kwa hiyo umeme aliuona kama kuku wake wa kufuga. Feni haikumaliza wiki. Mama huyo aliingia mtoto akiwa amelala, akachomoa waya ukutani, akauzungushia kwenye feni taratibu.

“Kidude hiki kinakula umeme wa watu, mayu,” akasema, akiniita mama kwa Kisukuma.

“Mama, mtoto ana vipele. Mtazame shingo.”

“Sisi tulizaa saba bila feni na wote wamekua. Fungua dirisha. Upepo wa Mungu hauna mita.”

Akaondoka nayo. Kwake kulikuwa na feni ya dari inayozunguka kutwa, hata sebule ikiwa tupu. Niliisikia kupitia ukuta huku nikimpepea mwanangu kwa mfuniko wa ndoo. Sisemi nilikasirika. Nilimchukia, na chuki ile ikanipa akili.

Nilianza kwa kutundika khanga mbili dirishani, zikapitisha jua kama chujio la chai. Nikaenda mnadani kwenye mapazia ya mitumba. Wenzangu walikuwa wanachagua maua yanayoendana na makochi. Mimi nilisimama juani, nikawa naliinua pazia kati ya jua na uso wangu, nasubiri. Shavu likipata joto, nalirudisha. Muuzaji akaniuliza kama nanunua pazia au napima homa.

Mwishowe nilichukua jozi mbaya kuliko zote, rangi ya matope, nzito kama blanketi, mgongo wake umepakwa kitu cheupe mfano wa mpira. Shavu langu halikuhisi kitu. Nikayatundika mgongo mweupe ukitazama nje, kutoka juu kabisa hadi sakafuni, yakipita fremu pande zote ili joto lisipenye pembeni. Asubuhi nafungua dirisha hewa iingie, jua likigeuka nafunga kila kitu. Vipele vikakauka. Mtoto akaanza kulala mchana. Mama mwenye nyumba alicheka, akawaambia wapangaji nimetundika turubai la lori.

Kisha siku moja umeme ukakatika mtaa mzima tangu asubuhi, na feni ya dari ikasimama. Mapazia yake yalikuwa ya lesi, mazuri kwa wageni, hayazuii hata nzi. Alasiri akapiga hodi kwangu, khanga imelowa jasho mgongoni.

“Nasikia kwako kuna ubaridi. Nipumzike kidogo, mwanangu.”

Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote, maana mgeni hafukuzwi. Mtoto alikuwa amelala kitandani, nyuma ya pazia la kugawa chumba, kwa hiyo sikuwa na la kuhofia. Nikaweka kiti chini ya dirisha, nikamkaribisha, halafu nikayafungua yale mapazia nyuma yake mpaka mwisho. Jua likamwangukia kisogoni.

“Funga basi, linaniunguza.”

“Upepo wa Mungu hauna mita, mama.”

Alikumbuka. Nilimwona akikumbuka. Kuondoka hapo hapo kungekuwa kukiri, kwa hiyo akabaki amekaa. Nikamletea chai ya moto kutoka kwenye chupa, naye kwa aibu akainywa yote, jasho likimdondoka kidevuni. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi siku ile nilipona.

Jioni nikaikuta feni yangu mlangoni, imezungushiwa waya vile vile alivyoufunga. Sikuiingiza ndani. Niliiacha pale barazani, ili kila akienda bombani aipite.