Mlinda Geti Aliyezikwa na Watu Watatu

Mpaka nafika kidato cha pili nilikuwa sijui kwamba mtu mzima, mwenye kazi yake na chumba chake, anaweza kufa akazikwa na watu watatu. Nilijulia kwenye banda la video. Aliyenijulisha ni Mzee Eusebio, na habari hii ni yake, ingawa bibi yangu amejiingiza humo kwa nguvu kama kawaida yake.

Mzee Eusebio Ngwale ni Mmatumbi wa Kipatimu. Miaka kumi na tisa alizunguka na gari la sinema la serikali, lile lililokuwa likija vijijini kuonyesha bure picha za mbolea, za choo bora na za kunyonyesha. Alikuwa akifunga shuka jeupe kati ya minazi miwili, anawasha mashine, anashika kipaza sauti cha bati na kueleza kila kinachotokea, kwa sababu picha nyingi zilikuwa za Kiingereza. Mama anasema alimwona kijijini Tingi, mwenyewe akiwa mdogo, akadhani sauti inatoka kwenye shuka.

Halafu mambo yakageuka. Serikali ikasema sasa kila mtu ajitegemee, gari likaegeshwa mpaka likaota majani, na Mzee Eusebio akapunguzwa kazini. Alikuja hapa kwetu Kilwa Masoko na kofia ya kazi ya kaki yenye beji ya chuma, kile kipaza sauti chake, na sanduku la kanda za video ishirini na tatu. Kanda alipewa Dar es Salaam na ofisi moja ya Wazungu iliyokuwa inahama na kutupa vitu.

Kanda zenyewe sasa! Hakuna hata moja yenye mateke. Hakuna nyimbo, hakuna mtu anayeruka kutoka ghorofani. Zilitoka nchi za Ulaya ambazo mimi nilizitafuta kwenye ramani ya darasani nikazikuta zimebanana kama dagaa, na zilitengenezwa na watu ambao, kwa maneno ya Mzee Eusebio, hawakuwa na magari ya kulipua.

"Wameweka kamera mbele ya mtu, wakangoja," aliniambia. "Wamengoja mpaka mwenyewe akasahau kuwa anatazamwa."

Banda lilikuwa la Huseni, kijana wa Lindi aliyeleta televisheni, deki na jenereta. Siku sita za wiki lilijaa mateke na picha za Kihindi. Jumatano alasiri hakukuwa na watu, kwa hiyo Huseni akamwachia Mzee Eusebio aonyeshe anachotaka.

Mzee hakubandika tangazo. Alikufuata ulipo, akakutazama kama mganga anavyomtazama mgonjwa, kisha akakuandikia picha yako. Nilimsikia sokoni akimwambia mama muuza samaki, "Mama, leo unakaanga kwa hasira. Umegombana na wifi yako? Ninayo picha ya mawifi wawili, nyumba moja, hawasemezani mwaka wa saba. Jumatano saa kumi. Itakufaa." Yule mama alishtuka karibu aunguze samaki: nani kamwambia? Mwalimu wetu wa jiografia, aliyekuwa akingoja barua ya uhamisho, akaandikiwa picha ya karani anayengoja barua. Alikwenda. Kesho yake aliingia darasani, akaegemea ubao, akasema, "Jamani, barua haikuja," na hakufundisha kitu.

Mimi aliniambia, "Wewe unauliza mno. Ninazo picha zisizojibu." Nani angekataa hapo?

Lakini wengi walicheka tu. Siku ile ikabatizwa jina: Jumatano ya Kulala. Bakary, mpasua mbao, alikuwa haikosi, kwa sababu banda lina kivuli na benchi la nyuma ni pana.

Jumatano ninayotaka kuisimulia tulikuwa watu sita, wawili wamelala. Kabla kanda haijaingia kwenye deki, Huseni akaja akasimama mlangoni, anajikuna shingo.

"Mzee Eusebio, shikamoo."

"Marahaba."

"Mzee wangu, mimi nakuheshimu. Lakini vijana wanataka mateke siku zote saba. Jumatano ijayo banda lisipojaa, naichukua siku yangu."

"Na likijaa?"

Huseni akacheka. "Likijaa, siku ni yako mpaka uchoke. Wallahi siigusi."

Mzee Eusebio akageukia deki. Aliingiza kanda kinyumenyume, ikagoma mara mbili. Nilijua kwa nini. Aliwahi kuniambia kwamba akinyang'anywa Jumatano atarudi Kipatimu, na kule kwao hakuna umeme wala jenereta. "Kanda bila deki ni matofali," alisema. "Nami nitakuwa mzee mwenye matofali ishirini na matatu."

Picha ikaanza. Mvua. Reli. Mzungu mmoja mzee anatoka kwenye kibanda, anafunga geti la barabara, treni inapita, anafungua. Wenye magari wanampungia mkono, naye anawapungia.

Bakary akafungua jicho moja, akamtafuta shujaa wa picha. "Mzee, steringi nani?"

"Huyo."

"Huyo babu? Anafanya nini?"

"Anafunga geti," Mzee Eusebio akajibu kwenye kipaza sauti chake.

"Halafu?"

"Analifungua."

Tukacheka wote, hata yeye. Ila alieleza vizuri, jamani. Alisoma yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, akayatia Kiswahili chetu, mpaka yule babu akawa kama mtu wa kijijini Mitole tu. Siku zinapita, geti linafungwa, linafunguliwa. Siku moja gari linasimama mbele ya geti lililofungwa, linapiga honi, na hakuna anayetoka.

"Amekufa," alisema Mzee Eusebio taratibu.

Bakary akaruka kutoka kwenye benchi. "Steringi hafi! Mzee, umekosea kanda! Steringi hafi bwana!"

"Huyu amekufa."

Hapo hapo nikasikia ndala mlangoni. Bibi yangu, Bi Mwahija! Mtu alikuwa amempasha kwamba mjukuu wake wa kike anakaa kwenye banda la video na wanaume, na alikuja na fimbo ya mpera mkononi.

"Wewe mtoto huna haya? Toka, toka nikuo..."

Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yamefika kwenye televisheni. Jeneza la yule babu lilikuwa linavutwa kwenye mkokoteni na mchimba kaburi peke yake. Nyuma yake padri, anaangalia saa. Nyuma ya padri mwanamke mmoja mwenye mwavuli, aliyempangisha chumba. Basi. Barabara nyeupe, mvua, watu watatu.

Fimbo ikashuka. "Eusebio," Bibi akasema, "watu wako wapi?"

"Ndio hao, Bi Mwahija."

"Hao ni wa mbele. Nauliza mji."

"Hakuna wengine."

"Hakuna!" Bibi akaingia ndani kabisa, akasahau kwamba yumo kwenye banda la video. "Maiti anaburutwa kwenye mkokoteni kama gunia la saruji? Hakuna mabega mji mzima? Na mwanamke yule kaburini anafuata nini? Wanaume wamekwenda wapi mpaka mwanamke ndiye akazike?"

Mimi nilikuwa nimeshaona zile sekunde bila kushtuka, nikidhani ndivyo picha zilivyo. Bibi aliposema hivyo nywele zilinisimama. Kwetu akifa hata mpita njia, wanaume wanapokezana jeneza bega kwa bega hadi wanasukumana kugombea thawabu, na wanawake nyumbani hawana pa kukaa. Niliitazama ile barabara tupu, nikaona ni ya kutisha kuliko picha yoyote ya mazimwi.

Kaburi likafukiwa. Mwanamke wa mwavuli akarudi chumbani, akakata mkate, akala peke yake.

"Hata matanga!" Bibi akashika kichwa. "Hata uji!"

Mzee Eusebio alizima jenereta, akarudi akamkuta Bibi bado amesimama pale pale. "Bi Mwahija," alisema, "picha hii nimeionyesha mara tisa. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuuliza watu wako wapi."

Nilipigwa fimbo mbili njiani, lakini za kupunga upepo tu. Bibi mawazo hayakuwa kwangu.

Wiki ile alikwenda kila nyumba. "Mmesikia? Kuna mtu kazikwa na watu watatu." Watu wakauliza wapi, akasema, "Kwa Eusebio." Kufika Ijumaa habari ilikuwa imeshaota miguu: kwamba maiti ni rafiki wa Mzee Eusebio kutoka Ulaya, kwamba alikuwa na kazi ya serikali, kwamba hata sanda hakupata. Nilijaribu kusema, "Bibi, ni picha, wale ni watu wanaigiza." Akanikata jicho. "Mvua ile wanaigiza? Na hata kama wanaigiza, wameona wapi mambo hayo mpaka wakaweza kuyaigiza?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Jumatano ilipofika Mzee Eusebio alifika bandani mapema, akapanga mabenchi ambayo yeye mwenyewe hakuamini yatakaliwa. Saa kumi kasoro tulikuwa mimi, yeye na Bakary. Huseni alikuwa mlangoni na kanda ya mateke tayari mkononi.

Kisha tukaona kanga. Jamani, nilishtuka! Wanawake wanakuja barabarani kundi zima, wamejitanda, na mikeka kichwani. Bibi yuko mbele, na nyuma yake wawili wamebeba sufuria la uji kwa mti mabegani. Wanaume wakafuata kutoka swala ya alasiri, na kofia zao, kimya kimya, kama wanavyokwenda kwenye msiba wowote.

"Nini hii?" Huseni akauliza. "Nani kafa?"

"Mlinda geti," Bibi akamjibu, akampita.

Banda likajaa. Waliokosa nafasi wakatoboa makuti wachungulie. Mzee Eusebio alikuwa anashika kipaza sauti, anakiweka, anakishika tena. Alieleza picha kwa sauti niliyokuwa sijaisikia, na geti lilipokuwa likifunguliwa watu walikuwa wakimpungia yule babu mkono, na wengine wakisema, "Kwa heri, kazi njema." Honi ilipolia na asitoke, wanawake wakapiga ukelele mmoja hadi jenereta halikusikika.

Likaja jeneza. Mkokoteni, padri, mwavuli. Likafika kwenye mdomo wa kaburi.

Hapo Mzee Mfaume akainuka. Mzee Mfaume ni Mngindo, na Wangindo ni watani wa Wamatumbi. Kwenye misiba ya Wamatumbi hajawahi kuacha kuzuia maziko mpaka apewe haki yake ya utani. Akaenda mbele, akageuka, akaiziba televisheni kwa mgongo wake wote na mikono ameitanua.

"Hazikwi mtu hapa!"

"Wewe mzee, toka, unaziba!" Huseni akapiga kelele.

"Nyamaza, mtoto wa Lindi. Huyu maiti kaletwa na nani? Kaletwa na Eusebio. Eusebio kabila gani? Basi huyu ni maiti wa Kimatumbi, na mimi ni mtani wake. Mtu gani huyu, maisha yake yote anafungua geti na kufunga, hajui kama anaingia au anatoka? Mmatumbi kamili! Sitoki hapa mpaka nilipwe."

Watu waliangua kicheko, na wengine kilio humo humo. Mzee Eusebio akafanya jambo ambalo, aliniambia baadaye, hakulifanya hata mara moja katika miaka kumi na tisa ya gari la sinema: alisimamisha picha katikati. Jeneza likabaki linatetemeka juu ya shimo, na mistari myeupe inalipita.

Akavua kofia yake ya kaki, ile yenye beji, akampa Mzee Mfaume kwa mikono miwili.

Nilipigwa na butwaa. Sikuwahi kukiona kichwa chake. Kilikuwa kidogo kama cha mtoto, na upara unaong'aa kwa jasho.

Mzee Mfaume akaivaa kofia, akaipiga piga. "Sasa mzikeni," akasema, akapisha.

Picha ikaendelea. Jeneza lilipoanza kushuka, mzee mmoja wa mbele akasimama. Wa pembeni yake naye akasimama. Kisha wanaume wote, hata Bakary, ambaye alikuwa anafuta pua kwa shati lenye vumbi la mbao. Hakuna aliyewaambia. Walisimama mpaka udongo ukaisha.

Mwanamke wa mwavuli alipokata mkate wake peke yake, Bibi akapiga kofi mapajani. "Mwangalieni! Haya, gaweni uji." Na bakuli la kwanza akalipeleka akaliweka chini ya televisheni, mbele ya yule mwanamke, ndipo wengine wakapewa. Hakuna aliyecheka. Nilitazama kama kuna atakayecheka.

Mzee Eusebio alikuwa amekaa kwenye sanduku lake la kanda na bakuli mkononi, hanywi.

Huseni akamsogelea, kanda ya mateke bado iko kwapani. Aliangalia mabenchi, akaangalia matundu kwenye makuti yake, akaangalia uji uliomwagika kwenye sakafu.

"Mzee," akasema, "Jumatano ijayo una nini?"

"Ninayo ya binti," Mzee Eusebio akajibu. "Siku ya harusi, bwana harusi amefika, watu wamefika, binti anasema hataki."

Ugawaji wa uji ukasimama. Wanawake wote wakageuka.

"Kasema hataki?" Bibi akauliza. "Na watu wameshafika?"

"Wameshafika, Bi Mwahija."

"Na chakula kimeiva?"

"Kimeiva."

Bibi akaweka upawa chini. "Saa kumi ile ile?"