Vidole Viwili vya Fundi Sikuli

Sikuli anashona magauni kule Mususa, mtaa wa Butembo, na hakuna mama wa mji huo aliyewahi kupasukiwa robe yake kanisani. Hiyo ndiyo sifa yake, nyingine hana. Kwa hiyo watafiti walipohitaji mtu wa kupima viuno nyumba kwa nyumba, walimchukua yeye na mètre yake, ule utepe wa kushonea.

Walikuwa wanashindanisha njia mbili za kubashiri nani atapata ugonjwa wa sukari. Ya kwanza inataka damu, mashine na umeme. Ya pili inataka umri, habari za ukoo na kiuno, basi. Miaka ipite, kisha waangalie nani ameugua kweli, na njia ipi ilimwona mapema.

Sikuli aliiombea ile ya pili hata kwenye misa. Kwao ni Kasugho, msituni, na mashine haijafika huko. Mama yake alikatwa mguu ndipo akaambiwa ana sukari. Dada yake mkubwa, Thérèse, bado analima kule kule.

Miaka ikapita, na siku ya matokeo Sikuli na watafiti waliitwa mjini Beni, kwenye bureau ya utafiti, mtaa wa Bungulu. Docteur Octave, mkuu wa utafiti, mtu wa Kinshasa aliyetumwa huku na serikali, hakuzunguka: mètre imeshindwa. Ilisema nusu ya Mususa wataugua, na wenyewe wako shambani, wazima kabisa.

"Donc, Kasugho bangoje mashine," akasema.

Sikuli akainua mètre yake juu. "Docteur, mi nilipima muzuri!"

"Unipime mimi, nione."

Akampima, vidole viwili chini ya mètre, kama siku zote.

"Hivyo vidole ni vya nini?"

"Njo vya kupumua, docteur. Mutu akikula kidogo, robe isipasuke."

"Uliweka kwa batu bote?"

"Bote kabisa. Mi hapana chaguaka batu."

Octave akafunga macho. Wenzake wakageukia dirisha, mabega yakitikisika. Kisha docteur akaamuru apimwe tena bila vidole, ile tofauti itolewe kwenye kila kiuno, na hesabu ifanywe upya. Usahihi wa mètre ukapanda, ikawa nyuma ya damu kidogo tu. Si haba kwa kitu cha kushonea. Ikaruhusiwa kwenda Kasugho, na Sikuli pamoja nayo, kwa sharti vidole vikae nje.

Huko alianzia kwa dada yake. Thérèse alisimama wima, akacheka, akauliza robe itakuwa ya rangi gani. Sikuli akapima. Akapima tena, safari hii akikaza mpaka dada akapiga kelele. Bado kiuno kilionyesha hatari kubwa. Alikuwa ameomba mètre iaminiwe, na sasa ilibidi aiamini yeye.

"Yaya, dada yangu, twende Butembo, bakupime damu."

"Eh! Na mihogo yangu?"

"Itabakia."

Thérèse akaacha kucheka. "Na mama yetu, nani alimupimaka?"

"Hakuna mutu."

Thérèse akaingia ndani kuvaa viatu vya safari.