Jumamosi Wananisubiri na Pikapu

Admin, ficha jina langu, ingawa hata hao nitakaowataja hawalijui. Nina miaka sitini na moja, ni mgane, naishi Woodley, hapa Nairobi, peke yangu. Binti yangu ameolewa mbali, hunipigia Jumapili akitoka kanisani. Siku nyingine simu yangu naitumia kuangalia saa.

Mke wangu akiwa bado mzima, nilianza kutafuta bomba jipya la kuvutia hewa ya injini ya pikapu yetu. Njia ya shambani kwetu ni vumbi tupu, na lile lililokuja na gari lilikuwa linavuta vumbi lote. Nikaelekezwa duka la spea River Road, la Bakari, mtu wa Mombasa. Pale huitwi jina lako, unaitwa gari lako. Kuna Mama Lori, kuna Pasta Basi, mimi nikawa Mzee Pikapu. Na kuna benchi mbele ya kaunta, la mtu anayechagua spea. Anayechagua hafukuzwi, na kahawa analetewa.

Kuchagua kwenyewe kulikuwa vita. Bakari alisema, "Mzee, chukua hili lipandalo kando ya kioo mpaka juu ya paa. Lavuta hewa safi, vumbi labaki chini." Kamau, fundi anayefunga spea hapo nje, akamkata kwa Sheng yake, gari kwake ni ndai: "Wacha hiyo, buda. Weka ile ya filta iko wazi, ndai ingurume mpaka majirani wajue umefika." Jioni nilimsimulia mke wangu. Akacheka, akasema majirani wanajua mambo yetu ya kutosha.

Kisha akaugua. Pikapu niliiuza nilipe hospitali akiwa amelazwa Parklands, na bado akaniacha. Baada ya mazishi nilikwenda kumwambia Bakari asinitafutie tena bomba. Kabla sijafungua mdomo, alinisogezea kikombe. "Mzee Pikapu! Umepotea mno. Gari yaendeleaje?" Wageni wa matanga walikuwa wamekwenda zao, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza chochote. Nikajibu, "Iko sawa tu."

Ndiyo, jamani, nilidanganya, na sijaacha. Kila wiki nakaa kwenye lile benchi nachagua bomba la gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Nashika hili, nageuza lile, nauliza kama mvua haitaingia. Pasta Basi ananibishia, namjibu, tunacheka. Halafu narudi nyumbani na kuwasha redio ili nisikie sauti ya mtu. Upweke unauma, msione wazee tumenyamaza.

Sasa wamenionea huruma. Wiki hii Bakari amenipa lile bomba la kupanda juu, bure. "Twaa, mzee, umeteseka kuchagua." Kamau naye akasema, "Leta ndai Sato, nitakufungia na sitaki kitu." Mama Lori ameahidi kuja na chapati. Nilishukuru, nikalichukua.

Bomba liko hapa sebuleni, nimeliegemeza kwenye kiti cha mke wangu. Nisipokwenda Jumamosi, nimewapoteza. Nikisema ukweli, mimi ni mwongo, tena lile benchi ni la wenye magari.

Nishaurini, ndugu zangu. Nilibebe bomba begani niwarudishie? Na nikitokea pale bila pikapu, wataniita nani?