Mdomo wa Damari

Mjukuu wangu Neema amenisumbua wiki nzima. Mtoto wake anakojoa kitandani na umri wa shule ameshafika, na huko hospitali alikompeleka wamemwambia alete habari za ukoo: nani aliwahi kunyamaza, nani alipigwa, nani aliogopa nini. Habari za ukoo, kama tunaposa. Nimemwambia mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, na la tatu lenyewe nusu, na anayetaka habari zangu aje kwanza anipalilie maharage. Hakuondoka. Haya, nitasema mara moja, na asiniulize tena.

Nilipokuwa mtoto huko Mgwashi, jino lilikuwa jambo la kutazamwa. Mtoto akiota jino la juu kabla ya la chini, huyo ni kigego, na kigego hamalizi kukua kabla hajawamaliza watu wa kwao. Zamani za wazee wetu watoto hao walipelekwa kwenye jabali wakaachiwa. Siku zetu kulikuwa na serikali, kulikuwa na kanisa, na redio ilituhimiza kila jioni tuache ujinga, kwa hiyo hatukumpeleka mtoto jabalini. Tulimtazama tu. Kutazamwa nako kunaua, ila kunachelewa.

Mdogo wangu Damari aliota la juu kwanza. Mama alificha. Alimfunika uso kwa kanga na kusema mtoto ana mafua, mpaka ya chini yakatoka. Lakini Shangazi Loi, dada yake baba, hakudanganywa. Aliolewa Soni, akazika watoto wake huko, mume akamrudisha kwao, akajengewa kibanda juu kidogo ya nyumba yetu. Kutoka pale aliona kila chungu kilichofunuliwa. Kuhusu lile jino hakusema neno. Aliliweka, kama mtu anavyoweka mbegu.

Damari akakua na maneno mengi kuliko sisi wote. Aliongea na kuku, aliongea na moshi. Kisha Babu akafa. Alianguka kwenye shamba la kijiji, jembe mkononi, mbele ya watu. Tukamzika, na kuanzia siku ile ya mazishi Damari hakusema tena. Hakulia kwa sauti, hakucheka. Makande alikula ameugeukia ukuta, kiganja kimoja kimefunika mdomo, kama mwizi wa chakula chake mwenyewe.

Kila mtu akawa na lake. Bibi, mama yake baba, alisema ni mzimu wa Babu. Mwinjilisti alihisi tumempeleka kwa mganga, na alikuwa akichungulia shingoni mwa mtoto kama kuna hirizi. Balozi wa nyumba kumi yeye alihisi tumemfundisha mtoto unyamavu ili Mama apate kisingizio cha kukosa shamba la kijiji. Mimi nilimshuku balozi, kwa sababu nilikuwa simpendi.

Shangazi Loi alisema kwa upole, tena mbele ya watu, "Ni meno. Mama yake anajua ninachosema."

Mama akatazama chini, na ndivyo siri ilivyotoka. Shangazi akaendelea kwamba tunaye binamu anayechuma chai Bulwa, na mavuno ya maharage yakiisha mtoto apelekwe huko akaishi. "Kule hana damu ya karibu ya kuimaliza," alisema. Tukamtazama Baba. Baba alikuwa mtu wa kutazama vidole vyake vya miguu. Alivitazama, akasema, "Dada ameona mbali."

Kesho yake Mama alimbeba Damari mgongoni, mimi nikabeba ndizi, tukashuka kupanda basi la Lushoto bila kumuaga mtu.

Hospitalini walituonyesha chumba cha nyuma, cha muuguzi mmoja aliyeitwa Sista Paskalina, mtu wa Songea. Walisema amesomea maradhi ya moyo wa watoto, si moyo huu unaopiga, ule mwingine. Hakuwa na sindano. Hakuwa na kidonge. Alikaa chini kwenye mkeka na kuanza kuuliza: nani analala na nani, nani anapika, Babu alipendana na nani, nani anakaa karibu. Nikajisemea huyu ametumwa. Mtu hawezi kuuliza nyumba ya watu namna hiyo bila kuwa na lake. Na akishauliza ananyamaza, anakungoja, mpaka unaona aibu unasema. Hadi leo simwamini mtu wa namna hiyo. Neema asije kuniletea.

Kisha akampa Damari bonge la udongo wa mfinyanzi. "Nitengenezee watu wa kwenu," alimwambia.

Damari alifinyanga. Babu amelala. Baba, Mama, Bibi, mimi mwenye kichwa kikubwa, sijui kwa nini. Kila mmoja alimtoboa mdomo kwa kijiti. Shangazi alimfanyia mdomo mpana wa kuingia kidole. Mwisho akajitengeneza yeye, mdogo, akaupitishia uso wake kidole gumba mpaka ukawa laini kama yai.

"Huyu hana mdomo," Sista Paskalina alisema. "Nani ameuziba?"

Damari akamchukua yule mwenye mdomo mpana, akamweka sikioni mwa yule asiye na mdomo. Basi.

Sista akamwambia Mama, "Sina dawa ya kukupa, dada. Mtoto hakupoteza sauti, ameishikilia. Kuna neno aliambiwa. Nitapanda kwenu niwaone wote mnaokula naye."

Kwenye basi Mama alisema, "Safari yote hii, kwenda kucheza udongo." Lakini hakulala usingizi njiani kama kawaida yake.

Sista alikuja kweli, kwa miguu kutoka Bumbuli alikoshukia basi, na wale watu wa udongo ndani ya kopo la biskuti, wamekauka. Akatandika mkeka uani, akawapanga. Alikuwa na akili, lakini alikuwa mtu wa Songea. Hakujua kwamba kwetu mtu wa udongo mwenye jina si mchezo. Ukimfinyanga mtu, umemshika. Baba alirudi nyuma. Bibi alijifunga kanga vizuri kiunoni, kama anayengoja mvua.

Shangazi Loi akashuka kuona kuna nini. Aliinama, akajiona, mdomo wazi.

"Huyu nani?"

"Ni kazi ya Damari," alijibu Sista. "Nadhani unamfahamu."

Shangazi alikaa chini pale pale. Jasho likamtoka, na upepo ulikuwa wa baridi. Akashika koo, akasema linamfunga, mtoto amemfunga, na alete maji ampulizie, haraka.

Ndiyo desturi yetu. Ukihisi hasira ya ndugu imekushika, ndugu huyo hutia maji mdomoni akakupulizia, hasira ikatoka nayo. Ila kuna sharti, na Bibi alilikumbuka, japo Shangazi alikuwa mtoto wake wa kumzaa.

"Sema kwanza," alisema Bibi. "Maji hayapulizwi juu ya jambo lisilojulikana."

"Mama, nakufa."

"Basi sema upesi."

Shangazi akasema, macho kwenye mkeka. "Siku ya mazishi nilimwambia meno yake ndiyo yaliyomla babu yake. Nilimwambia kila akifungua mdomo atakwenda mtu. Nilimwambia anayefuata ni mama yake."

Mama alikuwa ameshaushika mchi, na Bibi akamwambia, "Keti." Akaketi, mchi mapajani.

"Kumbe alikuwa anawalinda," alisema Sista Paskalina.

Damari aliletewa maji katika kata. Akayatia mdomoni, akayaweka. Kuyatoa ilikuwa lazima aufungue mdomo mbele yetu sote, na Mama yupo pale. Alimtazama Mama muda mrefu. Kisha akapuliza, shangazi mtu akalowa uso, na Damari akageuka upesi kutazama kifua cha Mama kama bado kinapanda na kushuka. Kilikuwa kinapanda na kushuka. Kuku akaja kunywa matone.

Safari ya Bulwa iliishia hapo. Baba alilisema hilo mwenyewe, bila kutazama vidole.

Wazee wakamtoza Shangazi kondoo wa kuchinjwa, na yeye mwenyewe akala nyama. Adhabu gani hiyo? Sista alisema mtoto anahitaji kusikia neno jingine kutoka mdomo ule ule, tena na tena. Bibi akalichukua neno lile akalifanya lake.

"Utashuka kila asubuhi," alimwambia bintiye, "umwamkie."

"Nimwamkie mtoto?"

"Umwamkie."

Kwetu mkubwa hamwamkii mdogo. Heri avuliwe nguo. Lakini alishuka. Ukungu umejaa, blanketi mabegani, na watu wanaokwenda shamba la kijiji wanapunguza mwendo ili wasikie. "Shikamoo, Damari. Mdomo wako haujaua mtu." Damari anamtazama tu. Wakati huo alikwishaanza kusema, kwanza na mbuzi, halafu na mimi, kunishtaki kwamba nimekula ndizi yake. Shangazi tu ndiye hakujibiwa. Sista alipokuja tena alisema asilazimishwe, na hakuna aliyemlazimisha.

Neema ananiuliza kama Shangazi alitubu. Sijui. Moyo wa mtu sikuuona, niliona miguu yake imelowa umande. Ninachojua ni hiki, na akipeleke huko hospitali kikaandikwe: mtoto akifunga kitu au akiachia kitu, usimtazame mtoto. Tazama nani alisimama karibu na sikio lake.

Maharage ya msimu mwingine yalikuwa yametoa maua, siku Damari alipokuwa amekaa mlangoni anatafuna hindi la kuchoma kwa pembeni, maana meno ya mbele yote yameng'oka, ya juu na ya chini. Shangazi akashuka, akasema lake.

"Marahaba," alisema Damari.

Bibi akatoa kichwa jikoni. "Umemaliza deni, Loi. Nenda zako."

Shangazi hakwenda. Alimwuliza mtoto, "Na kesho?"

Damari alitafuna kwanza, akameza.

"Kesho uje."

Akaja. Aliendelea kuja mpaka mwaka Damari alipoolewa, na asubuhi ile ya harusi, mbele ya wakwe, Damari alitangulia yeye kusema shikamoo, kabla Shangazi hajafungua mdomo.