Aliniita "hili jitu": mimi, bibi wa Bawshar na dude la Kijapani

Wakuu, salamu kutoka Muscat, ambako hata saa hizi za jioni lami bado inachoma.

Hii sio chai. Yalinipata mimi mwenyewe, majina tu ndiyo nimebadilisha. Na bibi mwenyewe ameniruhusu: "Andika, lakini usinizeeshe sana."

Mimi ni Mkenya, dada wa Nakuru. Kazi yangu ni physio. Nawafundisha kutembea tena watu walioanguka au waliofanyiwa operesheni, na ninawafuata nyumbani kwao. Wabongo, najua mtanicheka Kiswahili changu. Chekeni tu, maana Kiswahili ndiyo stori yenyewe.

Kingine: mimi ni mrefu. Mrefu ile ya kuinama mlangoni, na mabega pia Mungu hakuninyima. Mtaona kwa nini nawaambia.

Basi nikapangiwa nyumba moja Bawshar. Mgonjwa anaitwa Bi Zuwena, miaka themanini hivi. Alivunjika nyonga, akafanyiwa operesheni, ikafaulu. Daktari akasema mguu uko sawa, kinachobaki ni asimame.

Hasimami.

Na mzee akikaa hivyo misuli inalegea, ikishalegea kabisa ndio basi tena, ni kitanda mpaka mwisho. Familia ilikuwa na hofu. Halafu mjukuu wake Asila alikuwa anakaribia kuolewa, na bibi ameapa haingii ukumbini kwa kiti cha magurudumu "kama shehena".

Ni Waomani ambao wazee wao walitoka Zanzibar. Nyumbani wanaongea Kiswahili kile cha kuteleza, Kiarabu kinaingia kinatoka. Nikafurahi. Hatimaye mgonjwa ambaye nitapiga naye stori!

Nikaingia. Bibi akanitazama kutoka miguuni mpaka juu, safari ndefu hiyo. Kisha akamgeukia mwanawe Khalfan, mtu mzima, afisa wa wizara kule Al Khuwair.

"Khalfani, hili jitu la bara umelitoa wapi? Lisinishike mie!"

Mbele yangu. Kwa Kiswahili. Ni kama mimi ni friji.

Khalfan aliona haya, akabaki kurekebisha kofia yake. Mimi nimepandwa na hasira, nikampigia supervisor wangu hapo hapo: "Boss, hii bibi imekataa kushikwa."

Weee!

"Hii? Imekataa? Kwani mie kabati?"

Nitue hapa kidogo niwaeleze. Kwetu bara ya Kenya, "hii mtu" na "hiyo mama" ni kawaida, hakuna anayenuna. Lakini kwa mtu wa Unguja umemtoa kwa watu ukamweka kwa vyombo. Ngeli, wakuu! Shuleni zilinitoa jasho, nikadhani nimeziacha huko. Tofauti ni moja tu: "hii" yangu ilinitoka kwa mazoea. "Li" yake ilikuwa makusudi, na alijua inapouma.

Ikawa ndiyo maisha. "Limekuja?" "Liambie likae kule." Hata kikombe changu kiliwekwa peke yake juu ya friji, kisichanganyike na vya wenyewe.

Mazoezi ya kitandani alikuwa anafanya, mimi naelekeza kwa mbali. Lakini kusimama lazima nimshike kiunoni, na hapo alikataa katakata.

Iliniuma, siwafichi. Kuna siku nililia kwa gari nikirudi Wattaya ninakokaa. Kesho yake nikaenda tena, kwa sababu ule mguu ulikuwa tayari na ulikuwa unaharibika hivi hivi nikiona.

Sasa tufike kwa dude.

Siku moja nikakuta Khalfan amewasha TV kabla ya kwenda kazini. Series ya zamani ya Kijapani, ile ya madude makubwa ya mpira yanayobomoa miji ya maboksi. Aliipenda utotoni, akaipata tena mtandaoni. Bibi akachangamka, mara ya kwanza namwona hivyo.

"Hiyo naijua! Mie ndo nlokuwa nawasimulia."

Kumbe enzi hizo walikuwa na kanda zake, Kijapani kitupu, hakuna aliyefahamu neno. Watoto wakiuliza, bibi anatunga. Kila dude kwake lilikuwa zimwi linalotafuta watoto wasiomaliza chakula. Khalfan amekula mboga utoto wake mzima kwa sababu ya Wajapani! Nilicheka kwa nguvu, na bibi akajisahau akacheka.

Ila safari hii chini kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Bibi Kiingereza hasomi, na Khalfan ameshaondoka. Akasema, macho kwa TV:

"Basi lisome, tusikie."

"Li" hiyo ni mimi. Nikasoma.

Dude lenye magamba linatoka ziwani. Bibi akawahi: "Hilo linakuja kula watoto." Nikamwambia hapana bibi, hapa wanasema ziwa limekaushwa ili wajenge. Halina pa kukaa.

Likapanda mlimani. Watu wa mlimani wakasema hili ni la baharini, linanuka samaki, wakalitimua kwa moto. Likateremka pwani. Watu wa pwani wakasema hili ni la mlimani, angalia miguu ilivyojaa udongo, wakalipigia mabati na kulirushia mawe. Halafu akatokea shujaa wa series, naye mkubwa kama ghorofa, aje kulimaliza. Mji wote unashangilia.

Dude halikupigana. Lilikaa chini katikati ya barabara likajifunika uso. Ni kichekesho, wakuu, hadi zipu inaonekana mgongoni.

Nikasoma: "Linalia."

Bibi akasema, "Analia."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Linal..."

"Analia, nnakwambia! Wamemfukuza huku, wamemfukuza na kule. Sasa wanataka akae wapi?"

Nikageuka. Bibi mwenyewe machozi yanamtiririka.

Akaanza kuongea, polepole. "Kule Unguja tuliambiwa rudini kwenu Arabuni. Tukaja. Hapa nkafungua mdomo, Kiarabu changu cha kujikwaa, jirani akawauliza wenziwe, mbele yangu, hawa nao wametoka wapi? Alidhani sifahamu. Nlifahamu yote."

Akanitazama, na nikaona kabisa amekisikia mwenyewe alichokisema.

Hakuniomba radhi. Alinyoosha mkono.

"Njoo, mwanangu. Nshike vizuri, usiniangushe."

Nikamshika kiunoni. Akasimama! Anatetemeka, kucha zake zimezama kwa mkono wangu, lakini amesimama. Tukaenda mpaka mlangoni tukarudi, naye analalamika njia nzima: "Zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini weye utanimaliza!"

Mimi sikusikia malalamiko. Nilisikia "weye".

Kesho yake chai ililetwa kwa vikombe vya aina moja, vyote kwa sinia moja. Nikanywa.

Na mimi nikaanza kunyooshwa. Nikisema "hii mtu", halwa inasogezwa mbali mpaka nirudie vizuri. Nimejifunza haraka, ile halwa ni tamu jamani.

Siku ya harusi Bi Zuwena aliingia ukumbini kwa miguu yake. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine mimi, nimevaa nguo ya sare ya familia waliyonishonea, kitambaa kilienda kingi. Vigelegele mpaka masikio yanauma. Asila kule mbele analia mpaka vipodozi vinamtoka.

Tukampita shoga wa zamani wa bibi, mama mmoja mzito wa masikio. Akanitazama, safari ile ile ndefu, akanong'ona, ila kunong'ona kwa kiziwi ukumbi mzima unasikia:

"Zuwena, jitu gani hilo umelileta?"

Bibi akasimama. Watu wamejaa nyuma yetu, bi harusi anasubiri.

"Si hilo. Huyu. Sema huyu."

Na hakuinua mguu, wakuu, mpaka yule mama aliposema "huyu".

Nilichojifunza: dharau haihitaji hotuba, silabi moja inatosha kumtoa mtu kwenye watu. Kumrudisha nako ni silabi moja. Tangu siku hiyo naangalia sana ulimi wangu.

Haya, nanyi mwageni yenu hapa. Nani aliwahi kukuita "li", na nani alisimama akasema "huyu"? Na mkinisahihisha Kiswahili mnisahihishe kwa adabu. Khalfan anamsomea bibi uzi huu, na bibi siku hizi anatembea, anaweza kuwafuata.