Mkono Uliochonga Tabasamu la Waziri Mkuu

Saa moja asubuhi Sindano anavuta kiti, anaketi, anabana lenzi kwenye jicho la kulia na kuinamia kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Anakigusa mara mbili kwa patasi yake nyembamba. Kisha anainuka, anafungua dirisha, anarudi, anakumbuka vumbi, anakwenda kufunga dirisha.

“Usinishangae,” anasema. “Tangu waniletee uso huu, mimi na kiti tumekosana.”

Jina la Sindano amepewa na wenzake hapa kwenye kiwanda cha sarafu, kwa sababu ya patasi hiyo na, wanavyosema wao, kwa sababu ya ulimi wake. Ni mwanamke wa miaka hamsini na minane. Karibu nusu ya hiyo ameitumia kumalizia kwa mkono chapa za chuma, zile zinazogandamiza picha kwenye sarafu.

“Kwenye chapa kila kitu ni kinyume,” anaeleza. “Pua ni shimo. Ukichimba kidogo tu kupita kiasi, umemwotesha mtu nundu.”

Uso alioletewa ni wa waziri mkuu aliyeongoza nchi wakati wa vita, ambaye sasa ni marehemu. Kamati ya kumbukumbu iliagiza sarafu ya dhahabu kwa heshima yake. Toleo la kwanza lilikuwa la sarafu elfu mbili, na lilinunuliwa lote. Sasa linaandaliwa la pili, na chapa imerudi mezani kwake isuguliwe upya.

Lakini kwa Sindano huyu si waziri mkuu wa vitabuni tu. Kaka yake mkubwa alikwenda vitani akiwa na miaka kumi na tisa, na hadi leo hajulikani alipolala.

Mama yao, anayekaribia miaka tisini, alikuwa akifua mashuka hospitalini miaka hiyo. Siku moja waziri mkuu alikuja kuwaona majeruhi. Wapiga picha walipoondoka, aliingia chumba cha kufulia, akaketi juu ya kapu la mashuka machafu na kuomba maji.

“Alikuwa amechoka hata maji yakamwagikia suruali,” anasimulia mama huyo nyumbani kwake. “Nikamuuliza, mwanangu yuko wapi? Wakubwa wengine wote waliniambia atarudi, mama, atarudi. Yeye akaniambia, ‘Mama, sijui.’ Basi. Nikamheshimu tangu siku ile.”

Ndiyo maana bibi huyo alifurahi aliposikia binti yake ndiye anayemchonga. Alitoa ombi moja: achongwe kama alivyomwona yeye, amechoka.

Kamati ilitaka atabasamu.

Sindano alimwendea msimamizi wake, msimamizi akamfikisha mbele ya kamati. Aliwasimulia habari ya kapu na maji. Walimsikiliza vizuri, anakiri, na mmoja alifuta machozi. Kisha mwenyekiti akamwambia, “Dada yangu, watu hawanunui dhahabu ili wahuzunike.”

“Nilitaka kutupa patasi,” anasema Sindano, tayari amesimama tena. “Lakini ningekataa, wangempa mwingine. Nikajiambia, kama ni kumdanganya mama, basi nimdanganye kwa mkono wangu, nisimtupie mtu lawama.”

Alichonga tabasamu. Wenzake wanasema ni kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na yeye hapendi kusikia hivyo.

Wafanyakazi hawaruhusiwi kutoka na dhahabu kiwandani. Kwa ruhusa ya msimamizi alimpelekea mama yake sarafu ya majaribio, ya shaba. Bibi alipitisha kidole gumba usoni, taratibu, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Kisha akamrudishia.

“Huyu simjui,” akasema, na akauliza kama maji ya chai yamechemka.

Hakugomba. Sindano anasema afadhali angegomba. Tangu hapo usingizi wake ni wa kuibia. Akianza kukaanga vitunguu anaviacha viungue; akianza kufagia anaishia kupanga kabati. Ombi lake la pili kwa kamati, kwamba toleo hili jipya libadilishwe, limejibiwa kwa mstari mmoja: uso ubaki ulivyo.

Jibu hilo lilipofika alinunua kipande cha shaba kwa pesa yake, akakibana kwa jiliwa, kile kibanio cha mafundi, kwenye meza ya jikoni kwa mama. Anamchonga kaka yake.

Kazi haiendi. Picha iliyopo ni moja, ya upande mmoja wa uso, imefifia kuanzia mdomo kushuka chini. Sindano alikuwa na miaka sita kaka alipoondoka, na uso wake haukumbuki. Humtegemea mama, na mama ana makali yake.

“Masikio hayo ya nani? Ongeza. Mtoto wangu alikuwa na masikio, bwana! Upepo ukivuma tulikuwa tunamshika.”

Jirani aliyepoteza mume katika vita hivyo ameshaleta picha yake, akaomba awe wa pili. Sindano amemkubalia. Mwezi ujao anachukua likizo yake yote, na anataka kummaliza kaka wakati macho ya mama bado yanaona.

“Kesho naanza kidevu,” anamwambia mwandishi wa habari hii mlangoni kwa mama, funguo mkononi.

Sauti ya mama yake inatoka jikoni: “Usianze bila mimi!”