Alfajiri za Faradji

Faradji alikuwa muadhini wa msikiti wa mtaa wetu wa bondeni, hapa Kasongo, na alijivuna kupita kiasi. Nasema hivyo ingawa nilimpenda. Betri ya kipaza sauti ilipokufa, hakuna aliyejisumbua kutafuta nyingine, kwa kuwa sauti yake ilitosha. Wakati wa kiangazi, alfajiri hewa ikiwa baridi na imetulia, ilifika mpaka mashambani ng'ambo ya mto. Hata sisi Wakristo tuliamka nayo. Watu wa shamba walipokuja sokoni wakimwambia wamemsikia, alicheka kama bwana harusi.

Hewa hiyo hiyo iliyobeba sauti yake ndiyo iliyokuwa ikimuua mke wake.

Anayekaa hapa anajua. Mvua zikikatika, watu huchoma nyika ili nyasi mpya ziote, huchoma mashamba, huchoma matofali kandokando ya mto, maana tofali haliivi kwenye mvua. Mimi mwenyewe hupika mawese uani. Mchana upepo hupita ukauchukua moshi wetu. Usiku baridi hushuka kutoka milimani, ukungu wa mto nao hupanda, na bonde lote hufunikwa kama chungu. Mpaka jua liwe juu, tunavuta tulichochoma jana.

Feza, mke wake, alikuwa na pumu. Masika aliimba akitwanga, ungedhani ni msichana. Kiangazi alilala ameketi, ameegemea gunia la mpunga.

Grégoire, muuguzi wa zahanati, alimwambia Faradji mbele yangu, “Papa Faradji, dawa njo hii, lakini dawa peke haitoshe. Moshi inalala kule kwenu chini, na mama analala ndani yake. Mumupandishe mulimani mupaka mvua irudie.”

Kule juu, kwenye barabara ya Kabambare, aliishi Mounira, mpwa wa Feza, mwenye nyumba kubwa na upepo wa bure.

“Feza aende,” Faradji akasema. “Mimi niko na musikiti.”

“Siendi peke yangu,” Feza akamjibu mumewe. “Baba Djamila, unazania niliolewa na Mounira?”

Wakaishia hapo, kiangazi baada ya kiangazi. Nilimkemea Faradji, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Alinijibu kwa upole kwamba baba yake aliadhini pale, na babu yake kabla ya hapo. Upole huo ulinipandisha hasira, kwani haukumsaidia Feza kupumua.

Kisha ikaja asubuhi ile ya mwezi wa nane. Moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba nikiwa mlangoni sikuiona nyumba yao, na tunapakana. Msikiti nao uko karibu. Baadaye Faradji alinieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kila alfajiri ya kiangazi, kati ya neno na neno la adhana, alimsikia mke wake akikohoa. Alishazoea. Kikohozi kilimwambia kwamba yuko hai. Siku hiyo alinyamaza avute pumzi, akasikiliza, hakusikia kitu.

Adhana ilikatika kabla ya kufika “sala ni bora kuliko usingizi.” Tangu niolewe mtaa huu ilikuwa haijawahi kukatika. Nilitoka mbio nikamkuta amembeba Feza mgongoni, midomo ya mama wa watu imegeuka rangi ya majivu, hana hata nguvu ya kukohoa. Alain, dereva wa pikipiki, alikuwa akifunga mizigo ya kupeleka Salamabila. Aliishusha yote bila kuulizwa. Tukamkalisha Feza katikati, Faradji nyuma akimshika, wakaenda kwa Grégoire. Msikitini Yassine fundi cherehani alimalizia adhana kwa sauti ya kutetemeka, na watu walinung'unika.

Sindano zilimrudisha. Siku ya pili akapandishwa kwa Mounira, na safari hii Faradji alikwenda naye, akakaa. Nilipowatembelea, Feza alinisimulia kwa aibu kidogo.

“Mama Olga, niliamuka asubui nikakuta bwana yangu iko pembeni. Nilizania iko mugonjwa.”

Katika ndoa yao yote, alfajiri ilikuwa haijawahi kumkuta mumewe kitandani. Sasa waliketi barazani wakinywa chai, wakitazama mji chini yao umezama kwenye moshi, vilele vya michikichi tu vimejitokeza. Feza alikuwa mzuri siku zile. Sikuwahi kumwona vile.

Mvua zilirudi, wakashuka. Lakini mapafu yalikuwa yamechoka. Grégoire alisema ni moshi wa miaka mingi. Feza alifariki katikati ya masika, hewa ikiwa safi imeoshwa, na mimi hewa ile sijaisamehe.

Baada ya arobaini, imamu alikuja na wazee wawili kumwomba Faradji arudi kuadhini. Yassine anajitahidi, walisema, ila sauti yake haivuki mto. Nilikuwa pale, nimewaletea sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Faradji aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

“Imamu,” akasema, “Mungu nilimupa alfajiri zangu zote. Feza nilimupa nusu ya kiangazi.”